Mchumba wa Rubani

Hadithi ya msichana aliyependana na rubani wa vita yajulikana dunia nzima. Imeandikwa vitabuni, imeonyeshwa katika sinema, na siku hizi vijana wetu huitazama katika simu zao. Kijana ana sare na likizo ya siku chache, msichana amemwona, wameahidiana, alfajiri ndege yapaa. Mwisho huwa mmoja kati ya miwili: ama kijana anarudi na kengele za kanisa zinalia, ama harudi, na msichana anazeeka akitazama mawingu. Watazamaji hulia kwa mwisho wowote, kisha huenda kulala.

Sisi juma hili twataka kuuliza jambo ambalo sinema haiulizi. Ahadi iliyotolewa chini ya kivuli cha vita yamfunga nani, na kwa muda gani? Wako wanaosema haimfungi mtu, kwa kuwa ilizaliwa na hofu na haraka. Wako wanaosema yafunga kuliko ahadi zote, na msichana asiyengoja ni msaliti. Hatukubaliani na hao wala hao.

Wala mtu asidhani kwamba swali hili ni la Wazungu na vita vyao. Vijana wetu wa Jeshi la Wananchi walikwenda mashariki ya Kongo kulinda amani kuanzia mwaka 2013, na tarehe 7 Desemba 2017 wasiopungua 14 kati yao waliuawa katika shambulio moja huko Semuliki. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa nyumba fulani katika nchi hii. Msichana wa Urambo, wa Nzega au wa Sikonge anayechumbiwa leo na askari, awe rubani au askari wa miguu, amo ndani ya swali hili.

Nasi watu wa Tabora tuna sababu yetu ya kulifikiri. Mji huu ulikua katika njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa na kufika Ujiji. Wazee wetu Wanyamwezi waliichukua pembe hadi pwani wakarudi na nguo na shanga, na mzigo ulipokuwa mzito safari ya kwenda tu ilichukua miezi miwili au mitatu, pengine na zaidi. Mtu aliyeagana na mkewe hapa wakati wa kiangazi hakujua atamkuta katika hali gani. Ila mara nyingi hawakuagana. Hilo twalisahau tunapozitazama picha za zamani, ambazo huonyesha mstari wa wanaume wenye pembe mabegani. Misafara mingi ilikuwa na wanawake. Walipika, walibeba vyungu na mikeka na watoto, na wengine walichukua mizigo kwa ujira kama wanaume. Katika msafara wa Livingstone alikuwamo Halima, mke wa Amoda, aliyekuwa mpishi, na alikuwamo Ntaoeka, mke wa Chuma. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwezi Mei 1873, na watu wake wakaamua kuuchukua mwili wake hadi pwani kwa kupitia Tabora, wanawake hao nao walikuwamo.

Mapenzi ya njia ile yalikuwa mapenzi ya kutembea. Mwanamke alijua mumewe yuko wapi, kwa sababu alikanyaga alipokanyaga yeye. Mume akiugua, alimwona. Akifa, alikuwapo, na hakuna aliyehitaji kumletea habari.

Hata katika Vita Kuu ya Kwanza desturi hiyo haikufa. Askari wa jeshi la Wajerumani, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, walikwenda vitani na wake zao na watoto nyuma ya safu. Wanawake ndio waliopika, waliotwanga, waliouguza. Maofisa walinung'unika kwa ajili ya mkia huo mrefu wa watu, lakini walijua kwamba kumtenga askari na mkewe ni kumfundisha kutoroka.

Sasa tuutazame mwezi wa Septemba 1916. Tabora ilikuwa makao ya serikali ya Wajerumani baada ya pwani kuwa ya hatari. Katika karakana ya reli hapa hapa zilipigwa fedha, hata sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo, ambazo wakusanyaji huzinunua leo kwa bei kubwa. Wabelgiji walikuwa wakija kutoka magharibi na kaskazini. Tarehe 19 Septemba mji ulianguka. Jenerali Wahle aliwaondoa watu wake wakaelekea kusini-mashariki, upande wa Iringa. Hapo njia ikagawanyika. Wako wanawake waliofuata, na wako waliobaki: mjamzito, mgonjwa, mwenye mtoto mchanga, au yule ambaye habari ya kuondoka ilimkuta kisimani.

Vita viliendelea miaka miwili mingine. Jeshi lile lilivuka Ruvuma, likazunguka Msumbiji, likarudi, likaingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 Novemba 1918 likaweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Askari waliobaki walikuwa zaidi kidogo ya 1,100. Wakaletwa kwa njia ya ziwa hadi Kigoma, na kutoka Kigoma kwa gari moshi hadi kambi ya wafungwa. Kambi hiyo ilikuwa wapi? Tabora. Watu waliouacha mji wakiwa na bunduki walirudishwa humo wakiwa wafungwa, katika miezi ile ile ambayo homa kali ya mafua ilikuwa ikiua watu ulimwenguni kote.

Tunaomba wasomaji wasimame hapa kidogo pamoja nasi. Mwanamke aliyebaki Tabora amekaa zaidi ya miaka miwili bila barua, chini ya utawala wa wageni wapya, katika nchi iliyomalizwa chakula na majeshi. Labda amengoja. Labda hakungoja, kwa sababu mtoto alilia njaa na mtu mmoja mwenye kibaba cha mtama akawa mwema kwake. Sasa gari moshi limefika, na mtaani wanasema askari wamerudi. Orodha za majeshi ziliwahesabu Wazungu, askari na wapagazi. Habari za mlango wa mwanamke huyu hazikuingia humo. Na majirani, kama walivyo majirani mahali popote, walikuwa na hukumu tayari. Sisi twadhani hukumu yao ilikuwa nyepesi mno, yaani ilipimwa kwa swali moja tu: alingoja, hakungoja? Haikuuliza aliachiwa nini, aliahidiwa nini, na ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumpasha habari.

Katika vita hivyo hivyo ndipo rubani alipoingia katika nchi zetu za magharibi. Wabelgiji walileta eropleni nne, kama wazee walivyoziita, aina ya Short zenye kutua majini, walizoazimwa na Waingereza. Zilisafirishwa vipande vipande kwa meli, kwa reli na kwa mito hadi pwani ya magharibi ya ziwa Tanganyika. Rubani wao mmoja, Aimé Behaeghe, aliruka juu ya ziwa mwaka 1916, na mabomu yakaangushwa Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao kubwa Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Ikainuliwa baadaye na Waingereza, nayo ndiyo MV Liemba iliyowasafirisha watu wa Kigoma na Kasanga kuanzia mwaka 1927. Behaeghe hakuuawa na bunduki. Alikufa kwa ugonjwa huko Niemba, upande wa Kongo, mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na hata miaka thelathini hakuifikia.

Twamtaja kwa sababu pamoja naye lilikuja jambo jipya kuhusu mapenzi wakati wa vita, wala si silaha peke yake. Mke wa askari aliweza kumfuata mumewe kwa miguu. Rubani hakuna awezaye kumfuata. Kati ya nyumba na vita palikuwa zamani na ua wa mabua, na mtu wa upande huu aliona moshi wa upande ule; sasa pana hewa tupu. Msichana aliyempenda rubani hakuachiwa sehemu nyingine ya vita isipokuwa kungoja. Ndiyo maana hadithi za marubani ni hadithi za kungoja, na ndiyo maana swali letu ni zito kwake kuliko lilivyokuwa kwa Halima na Ntaoeka. (Wala si vita peke yake vinavyowaangusha marubani. Tarehe 27 Februari 1920 ndege ya Vickers Vimy, iliyokuwa ikijaribu njia ya kutoka Cairo hadi Cape, ilianguka hapa Tabora ilipokuwa ikiruka. Waliokuwamo walitoka hai, na mji ukapata habari ya kuzungumza kwa miezi.)

Turudi basi katika ahadi. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na kila mtu huyarudia maneno hayo kana kwamba yamemaliza shauri. Hayajamaliza. Deni lina kiasi chake, lina siku yake, na lina mdai na mdaiwa. Anayekopa shamba la watu bila kutaja siku ya kurudisha twamwita mdanganyifu, hata kama anakopa huku machozi yakimtoka. Sasa kijana anayemwambia msichana wa miaka kumi na tisa, "Ningoje mpaka nitakaporudi," huku akijua kwamba huenda asirudi kamwe, amekopa nini? Amekopa ujana wa mtu, wala hakutaja siku.

Hatusemi kwamba mapenzi yake ni ya uongo. Wanaosema kila pendo la wakati wa vita ni homa ya hofu wanakosea. Kanisa lenyewe halisemi hivyo. Sheria zake, tulizofundishwa seminarini Kipalapala kwa jasho jingi, zakubali kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa aweza kufunga ndoa ya kweli mbele ya mashahidi wawili tu, kama padre mwenye mamlaka hapatikani bila taabu kubwa. Zakubali hata ndoa kwa njia ya mwakilishi mwenye hati, wakati mmoja yuko mbali. Basi hatari haiui hiari. Lakini sheria hizo hizo zasema ndoa iliyofungwa kwa sharti la mambo yajayo si ndoa. Asemaye, "Nakuoa iwapo nitarudi salama," hakuoa. Ama anajitoa leo, mzima, na mauti yake ndani, ama bado ni mchumba.

Na mchumba ana haki gani? Hapa ndipo majirani wanaposema kwa ukali kuliko sheria. Ahadi ya uchumba haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe. Yaweza kumpa haki ya kufidiwa hasara aliyoipata, na Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 nayo yakubali madai ya fidia kwa kuvunja ahadi. Lakini nafsi ya mchumba yabaki yake. Msichana aliyengoja, akapima, akaona hawezi tena, akalisema jambo hilo waziwazi kwa wazee wa pande zote mbili, hakumsaliti mtu. Kusaliti ni kujificha: kupokea barua na zawadi za mmoja huku moyo umekwisha hamia kwa mwingine.

Kwa mke shauri ni jingine, na ni gumu. Hatutaki kulifanya laini. Mume akipotea, kupotea kwake peke yake, hata kwa miaka mingi, hakutoshi kumhesabu kuwa amekufa. Askofu hana budi kuchunguza, kuwasikiliza mashahidi na kupima dalili, mpaka awe na hakika ya kimaadili. Wako wanaoona sheria hii haina huruma. Na wafikiri habari ya Antoine de Saint-Exupéry, mwandishi wa Kifaransa aliyekuwa rubani. Tarehe 31 Julai 1944 aliruka kutoka Corsica kwenda kupiga picha za nchi iliyokaliwa na adui, asirudi. Mkewe Consuelo alifariki mwaka 1979 bila kujua alipoangukia. Mwaka 1998 mvuvi mmoja karibu na Marseille alivuta wavu wake akakuta kikuku, na juu yake jina la rubani na jina la Consuelo. Mabaki ya ndege yalithibitishwa kuwa yake mwaka 2004. Ndoa yao, tuseme kweli, haikuwa na amani hata kabla ya vita. Walakini kikuku hicho kilikaa baharini miaka 54 kikiwa na jina la mke.

Kwetu pia bahari imefanya hivyo. Meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwezi Februari 1944 ikielekea Colombo, ikazamishwa tarehe 12 kwa makombora ya nyambizi ya Wajapani. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wanawake. Makaburi hayakuwapo. Mke wa kijijini aliyeambiwa na karani kwamba mumewe "amepotea baharini" alihitaji zaidi ya neno hilo, na sheria inayodai uchunguzi inamheshimu yeye na inamheshimu aliyepotea, maana wako waliohesabiwa wafu wakaja kubisha mlangoni.

Mtu atatuambia, "Basi ninyi mwawafundisha wachumba kutongojana." Hasha. Mwaka 1949 Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha shule ya St. Mary's hapa Tabora, alikwenda Edinburgh kusoma, akamwacha nchini mchumba wake, Maria Gabriel, mwalimu. Alirudi mwezi Oktoba 1952, wakafunga ndoa mwezi Januari 1953. Miaka mitatu na zaidi ni mingi kwa watu wawili vijana. Lakini ahadi hiyo ilikuwa na kipimo: masomo yana mwisho, barua zina anwani, na msichana alikuwa na kazi yake ya kufanya. Kungoja kwa namna hiyo ni sehemu ya maisha. Kungoja ambako sisi twakukataa ni kule kunakomwondolea mtu maisha yake yote kwa neno moja lililosemwa katika kituo cha gari moshi.

Kwa hiyo mzigo tunauweka juu ya anayekwenda. Yeye ndiye ajuaye ukubwa wa hatari, na yeye ndiye anayeomba. Na aseme maneno yote, si nusu: "Nakupenda, nitaandika, na nikipotea, uko huru; wala mtu wa kwetu asikulaumu." Twajua watu wetu hawapendi kulitaja jambo baya kabla ya safari, wasema ni kujitabiria. Twaiheshimu hofu hiyo, lakini rubani hukagua mafuta na mbawa kabla ya kuruka, wala hakuna anayemwambia kwamba anajitabiria kuanguka.

Liko na neno jingine ambalo wazazi hutaka tuliseme, nasi tutalisema kwa ufupi. "Huenda nitakufa kesho" limetumiwa mara nyingi kuomba kile ambacho kijana asingethubutu kukiomba siku ya amani. Msichana akionea huruma, huruma hiyo ni njema, lakini si kibali. Na mtoto akizaliwa, hazaliwi kwa muda wa vita tu. Vita vikiisha yeye yupo, anataka ada ya shule na jina la baba. Kijana anayempenda msichana kweli hataki mauti yake mwenyewe yamsemee.

Limebaki jambo moja dogo, na kwa kadiri tulivyoona ndilo liumizalo zaidi. Askari anapouawa, jeshi huwapelekea habari ndugu zake walioandikwa katika karatasi zake: mke, baba, mama. Mchumba aliyejulikana na yeye peke yake hana mahali katika karatasi hizo. Habari humfikia sokoni, au kwa simu ya mtu anayeuliza, "Hivi umesikia?" Hawezi kukaa na wafiwa, maana pale msibani hakuna amjuaye, hawezi hata kulia kwa sauti. Desturi zetu zilikuwa na dawa ya hilo kabla ya jeshi lolote kuja, maana uchumba ulikuwa ni wa nyumba mbili: mshenga alitumwa, posa ilipelekwa, shangazi alijua jina. Kijana asemaye kwamba likizo yake ni fupi mno kwa mambo hayo, na atumie siku moja ya likizo hiyo kumpeleka msichana kwa mama yake, amtaje kwa jina lake mbele ya baba yake na ndugu zake. Nao wajue kwao ni wapi, ili siku habari itakapokuja, awepo mtu wa nyumba ile atakayevaa viatu na kwenda kubisha hodi kwao kabla ya jirani.